Grafu Isiyo na Mlima

Maxwell Ojwang alianza kutokwa jasho kabla hajaulizwa swali hata moja, na Inspekta Aber alimwacha atokwe. Alivuta kiti cha plastiki, akaketi kumkabili, akaweka simu juu ya meza katikati yao na kumwonyesha maneno aliyoyaandika mwenyewe, mbele ya ulimwengu mzima, kwenye ukurasa wa watu wa grafu: "Opio, utajuta. Bugembe na Jinja ni pua na mdomo."

Aliyeandikiwa maneno hayo alikuwa mochari. Wavuvi wa Wanyange walimkuta Opio akielea kati ya mawe kando ya ziwa, na polisi wa kwanza kufika walimaliza kazi palepale: kateleza, kazama, basi. Aber hakuridhika, na sababu yake ilikuwa miwani. Opio alikuwa haoni mbali, hata sura ya mtu wa upande wa pili wa meza ilimpa taabu, lakini miwani yake ilikutwa imefungwa vizuri ndani ya mkebe, mfukoni. Mtu wa macho hayo havui miwani ndipo aende kutembea juu ya mawe yenye utelezi. Tena simu yake haikuonekana.

Kazi ya marehemu nayo ilikuwa ngeni kwa Aber. Opio na wenzake wachache wa Jinja na Mbale walikusanya grafu zinazotangazwa hadharani, za serikali, za makampuni, za magazeti, wakakutana kila Jumamosi kuzichambua, kisha wakazichora upya kwa haki. Walikuwa na raha yao humo. Na kama watu wote wanaosema kweli kwa raha, walijipatia maadui bila kuwahesabu.

Maxwell alikuwa mmoja wao. Alikuwa Mkenya mwenye malori ya kubeba miwa, na langoni mwa uwanja wake, kando ya barabara kuu, alikuwa ametundika bango kubwa la kujisifu kwamba ajali za malori yake zimepungua. Nguzo mbili: ya mwaka juzi ndefu, ya mwaka jana fupi kama kisiki. Opio alilipiga picha, akaeleza kwamba mhimili wa wima haukuanzia sifuri bali hamsini, kwa hiyo ajali zilizotoka sitini kwenda hamsini na nne zilionekana kama zimepungua kwa zaidi ya nusu. Akaongeza kwamba ni sawa na kupima urefu wa watoto wawili kuanzia kiunoni. Stendi nzima ya Bugembe ilicheka kwa wiki.

"Nilikuwa na hasira, Madam," Maxwell alisema. "Makondakta walikuwa wakiniona wanashika kiuno. Lakini kuua? Mimi?"

Aber alimuuliza alikuwa wapi siku Opio alipopotea. Malaba, mpakani, malori yamekwama kwa forodha. Aber alimpigia Sajenti Janepher, msaidizi wake aliyebaki ofisini Jinja, naye akawauliza watu wa mpakani, na jibu lilirudi upesi: kweli alikuwa Malaba, na aligombana na nusu ya maofisa wa huko, hakuna aliyemsahau. Kisha Maxwell akamwomba Aber atazame langoni. Bango la zamani lilikuwa limeshuka. Mahali pake palikuwa na jipya, nguzo mbili zilizokaribia kulingana, zikianzia sifuri. Opio alikuja mwenyewe kulichora, bure, wakanywa soda pamoja. Aber aliliangalia na kuona tuhuma zake zinakufa pale langoni. Mtu haui mkosoaji wake kisha akatundika kazi yake mbele ya biashara.

Aliinuka kuondoka. Maxwell hakumwachia mlango.

"Kuna kitu sijamwambia mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Alirudi hapa, siku moja kabla ya kupotea. Alikuwa anatetemeka. Alitaka nimpeleke Mbale, kwa mwalimu mmoja anaitwa Nanyama, pale Nabuyonga. Alisema tangu awaulize watu wa chanjo swali, kuna gari jeupe linasimama mbele ya kwake. Nikamwambia angoje kesho, kuna lori linaenda. Nilimwambia angoje, Madam."

Alilia bila kujificha, mwanaume mzima katikati ya mafundi wake. Kisha akatoa simu. Opio alimtumia picha moja, akamsihi akae nayo. Aber aliifungua palepale: grafu yenye mistari miwili, bluu ya Jinja na nyekundu ya Mbale, ikionyesha idadi ya sindano za pepopunda zilizochomwa kila mwezi kwa miaka kadhaa. Data ilitoka kwa shirika lililoitwa Ngao ya Mashariki, lililopewa kazi ya kusambaza chanjo hiyo katika kliniki za mashariki mwa Uganda na kutangaza hesabu zake kwenye tovuti.

Ofisini Aber aliichapisha grafu ile, akaitazama pamoja na Janepher hadi macho yakauma. Haikuanzia kiunoni, mhimili ulishika sifuri. Mistari miwili iliambatana, ikapanda kidogo, ikashuka kidogo, kama ndugu wanaotembea wameshikana mikono. Janepher alisema kwamba yeye anaona chanjo tu, haoni mauaji. Aber alikuwa mtu wa Gulu, kaskazini mwa nchi, na miaka yote ya kazi ilikuwa imemzoeza alama za vidole na uongo wa mashahidi. Mistari ilimshinda.

Akafanya kile ambacho mpelelezi yeyote mwenye utaratibu angefanya. Alipiga simu Ngao ya Mashariki na kuomba namba zenyewe, zile zilizo nyuma ya grafu. Alipokelewa na Daktari Joash, mkuu wa takwimu, mtu aliyesoma Tanzania na aliyeongea Kiswahili laini cha kumtoa nyoka pangoni. Joash alisikitika sana kwa habari za Opio. Aliahidi kutuma namba siku hiyohiyo. Akauliza, kwa upole, kama Afande ana mtaalamu wa kumsaidia kuzisoma, na Aber akajibu kwamba anakwenda kumwona mwalimu mmoja wa Nabuyonga aliyefanya kazi na marehemu. Joash akamtakia safari njema.

Mbale ilikuwa imejaa ngoma. Mwaka ulikuwa wa tohara, msimu umefunguliwa, na vijana waliopakwa unga wa mtama walikuwa wakipita barabarani na kengele mapajani, ndugu zao nyuma yao wakicheza kadodi, ngoma ya tohara. Aber aliendesha gari la polisi polepole kati ya umati, akauliza, akaelekezwa, akasimama mbele ya nyumba ndogo yenye lango la bati. Aligonga na kuita kwa Kiswahili, kwa sauti aliyoizoea kazini.

Ndani kitu kilianguka. Kisha kimya.

Aber alielewa kosa lake. Kuna nyumba nyingi upande huu ambako Kiswahili langoni maana yake ni askari, na askari maana yake ni mtu kuchukuliwa. Akashusha sauti, akasema jina lake na jina la Opio, akapitisha kitambulisho chini ya lango. Alingoja muda mrefu, akiwa na aibu.

"Nani mwingine anajua uko hapa?" sauti ya mwanamke iliuliza.

"Hakuna," Aber alisema, na wakati ule aliamini hivyo.

Nanyama alikuwa mwanamke mwembamba, mwalimu wa hesabu, na hakuwa amelala vizuri kwa siku nyingi. Mapazia yote yalikuwa yamebanwa kwa pini. Alimketisha Aber mbali na dirisha na yeye mwenyewe akabaki amesimama, karibu na mlango wa nyuma. Aber alimwonyesha grafu na kumwuliza kuna kasoro gani.

"Wewe unasikia ngoma hiyo?" Nanyama aliuliza.

"Nasikia."

"Sasa nionyeshe hiyo ngoma ndani ya grafu."

Aber alitazama tena. Hakuelewa, akasema hivyo.

Nanyama alieleza kwa kidole. Wagisu, wenyeji wa Mbale, wanatahiri vijana kila mwaka unaogawika kwa mbili, miezi ya mwisho. Msimu huo kliniki zote za Mbale hujaa, kwa kuwa kijana haruhusiwi kusimama mbele ya kisu kabla hajachomwa sindano ya pepopunda. Wasoga wa Jinja hawana desturi hiyo. Kwa hiyo mstari wa Jinja unaweza kwenda tambarare miaka yote, lakini wa Mbale ni lazima upande mlima mwaka mmoja, ukae chini mwaka unaofuata, upande tena. Kidole chake kilipita juu ya mwaka wa tohara, na mwingine, na mwingine. Tambarare.

"Huyu mutu alichukua namba ya Jinja, akabadilisha kidogo, akaita Mbale," alisema. "Yeye si Mugisu. Hakujua. Dawa yenyewe haikufika hapa, Afande. Waliuza ama walitupa, mimi sijui. Kijana ya dada yangu alikufa msimu ile ingine. Meno ilifungana, mgongo ikapinda. Tuliambiwa alichomwa sindano. Alichomwa maji."

Aber aliuliza nani mwingine alijua, na hapo Nanyama akakaa, kwa mara ya kwanza.

Kikundi chao kilikuwa na sheria moja, alisema. Grafu inapowekwa mezani, aliyeichora hasemi. Anakaa kimya hadi wote wamalize kuikosoa, hata kama wamekosea, kwa sababu grafu itakapokuwa gazetini mchoraji hatakuwepo kuitetea. Jumamosi ya mwisho Opio alileta hii, aliyoichora kutoka hesabu za tovuti, na Nanyama akamshukia. Alimwambia mbele ya watu kwamba ameulainisha mstari wa Mbale, amechukua wastani wa miezi mingi ili upendeze, amenyoa mlima na kufuta watoto wao. Opio alikaa kimya. Alikuwa hajalainisha kitu. Laiti angesema, wote wangeshtuka pamoja, na jambo lingejulikana na watu wengi kwa siku moja. Lakini aliishika sheria. Alirudi Jinja peke yake, akaenda kuomba namba halisi ili wiki iliyofuata alete jibu.

"Sheria hiyo ni mimi niliiweka," Nanyama alisema.

Aber aliigeuza grafu kifudifudi mapajani.

Simu ya Aber ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa Daktari Joash, wenye namba kama alivyoahidi na grafu iliyochorwa vizuri juu yake. Ile ya kwenye tovuti, aliandika, ilikuwa na kasoro ndogo ya uchapaji. Hii ndiyo sahihi. Aber aliikuza picha na kuona mstari mwekundu wa Mbale ukipanda mlima, ukishuka, ukipanda tena, kila mwaka wa tohara mlima wake. Kifua chake kilifunguka. Pengine ilikuwa kasoro kweli, pengine chanjo ilifika, pengine Opio aliteleza.

"Mwalimu, tazama. Mlima upo."

Nanyama aliivuta simu karibu, akatazama.

"Ulimwambia nini?"

"Niliomba namba tu."

"Ulimwambia juu ya tohara?"

"Ningemwambiaje? Habari ya mlima nimeijua sasa hivi kutoka kwako."

Aber alirudia hatua zake kama anavyofanya kwa ushahidi wa mtu mwingine. Alikuwa ameomba namba, hakutaja kasoro yoyote. Tovuti ilikuwa imeonyesha tambarare kwa miaka, na hakuna aliyelalamika hadharani, kwa kuwa kikundi hakijachapisha kitu. Mtu mmoja tu alikwenda kuuliza mlima wa Mbale uko wapi, na mtu huyo alikutwa majini. Joash asingeweza kujua mahali pa kuchora mlima bila kuambiwa na Opio. Alikuwa amesahihisha kosa ambalo hakuna aliyemwuliza.

Ujumbe wa pili ukaingia. Daktari Joash alikuwa amemtuma dereva wake na nakala zenye mihuri. Dereva ameshafika Nabuyonga, lakini hajui nyumba. Je, Afande angependa kumwelekeza?

Aber alisoma maneno hayo mara mbili. Aliuinua upindo wa pazia. Gari lake lilikuwa palepale alipoliacha, na maandishi ya polisi ubavuni, mbele ya lango la bati. Dereva hakuhitaji maelekezo yoyote. Alichohitaji ni kupita mtaa huu.

"Mimi ndiye niliyemleta," alisema. "Nilimtajia Nabuyonga."

Alipiga kituo cha Mbale. Ofisa wa zamu alimsikiliza kwa adabu na kumwambia kwamba magari yote yako na misafara ya vijana, barabara zimeziba, awe na subira. Alimpigia Janepher, akamwagiza aende Ngao ya Mashariki, hukohuko Jinja, na amkamate Joash kabla hajatoka ofisini. Janepher aliitikia na kukata, lakini Jinja ilikuwa mbali. Bastola ya Aber ilikuwa ghalani Jinja, kwa kuwa alikuja kuhoji mwalimu tu. Aliogopa, na aliogopa zaidi kwa kuwa kosa lilikuwa lake.

"Opio alikufa kwa sababu alijua peke yake," alisema. "Hizi grafu mbili, weka moja juu ya nyingine. Ile ya tovuti na hii ya leo. Zitume kwa kila mtu."

Nanyama alikuwa tayari amefungua kompyuta. Kwa dakika chache woga ulimwacha, kazi ilimshika. Aliziweka grafu mbili kwa kipimo kimoja, mhimili kwa mhimili. Akatia kivuli chepesi kwenye miezi ya tohara, na juu akaandika sentensi moja ambayo mzazi yeyote angeielewa: namba zilizotangazwa na namba zilizotumwa leo ni za shirika moja, na haziwezi kuwa kweli zote, mpeleke mtoto achomwe sindano tena. Aber alisoma na kuona kwamba hakuna la kuongeza. Ukurasa wa kikundi ulikuwa tayari, na makundi ya WhatsApp ya wazazi, na ya makanisa.

Kisha vidole vya Nanyama vikasimama. Chini ya grafu, kikundi chao huandika daima chanzo cha data na jina la aliyechora. Chanzo alikuwa ameandika. Nafasi ya jina ilibaki wazi, na kimshale kilikuwa kinawakawaka hapo.

"Bila jina watasema ni uvumi," alisema kwa kunong'ona. "Na hii jina yangu ndiyo wanatafuta."

Mlango wa gari ulifungwa nje, karibu.

"Andika langu," Aber alisema. "Inspekta Aber, Upelelezi, Jinja. Andika na cheo."

"Watakufukuza kazi, Afande."

"Andika."

Nanyama aliandika, akatuma. Aber alimshika mkono akamtoa mlango wa nyuma, kwenye uchochoro. Msafara wa kadodi ulikuwa unapita mwishoni mwake, wanawake kwa wanaume, vumbi na kelele, kijana wao mbele kabisa ameinua fimbo. Mwanamke mmoja alimvuta Nanyama mkono kama anavyovutwa ndugu aliyechelewa, na akamezwa na wachezaji. Aber alibaki akitazama hadi hakuweza tena kukitofautisha kitambaa chake cha kichwa na vya wengine.

Lango liligongwa, polepole, kwa adabu. Aber alipita sebuleni, akafunga kompyuta, akaenda kufungua mwenyewe. Mwanaume wa shati jeupe alisimama na bahasha mkononi. Nyuma yake gari jeupe lilikuwa limeegeshwa pua kwa pua na gari la polisi, na ndani yake wanaume wawili walikuwa wamekaa bila kuzungumza.

"Mwalimu Nanyama yupo?" aliuliza, akitabasamu. "Nina mzigo wake kutoka kwa daktari."

"Hayupo. Bahasha naipokea mimi."

"Nimeambiwa nimpe mkononi." Alitazama juu ya bega la Aber, ndani ya nyumba, na kuweka mguu mmoja kizingitini.

Simu ya mwanaume huyo ikalia. Aliitoa, akaangalia jina, akasikiliza. Aber alisikia sauti ya upande wa pili, Kiswahili kilekile laini, lakini sasa kilikuwa kinapanda, kikitaja grafu na jina lake. Tabasamu la yule mwanaume liliondoka kidogo kidogo. Aliishusha simu, akaondoa mguu kizingitini, akamtazama Aber usoni kwa makini, kana kwamba hakuwa amemwona tangu lango lifunguliwe.

"Aber ndiye wewe?"

Aber alishika bati la lango.

"Ndiye mimi," alisema.